Mkono nilioinua afungiwe Zabroni

Nyie mashabiki mnaoandika humu kundini "afungiwe maisha!", leo nisikilizeni mimi mzee wenu.

Zabroni alikuwa mshambuliaji wetu enzi za kijiji cha ujamaa, Murukulazo. Siku moja akampiga refa kofi. Ukaitishwa mkutano wa kijiji.

Mwenyekiti akauliza, "Nani anataka afungiwe msimu mzima?"

Mashabiki tukanyoosha mikono. Mimi wa kwanza, tena kwa kelele!

Msimu haujaisha, vita vya Kagera vikaja. Zabroni akaondoka na mgambo. Hakurudi. Mpira hakuugusa tena.

Leo baada ya ibada, Nyamiaga, nikamwona mama yake. Bibi kizee sasa, anatembelea mkongojo. Miaka yote nilikuwa namkwepa, jamani. Leo nikamfuata.

"Shikamoo, mama. Mimi nilinyoosha mkono Zabroni afungiwe. Nisamehe."

"Marahaba."

Kisha akaushika mkono wangu, uleule.

"Kwani siku ile mkutanoni hukuniona kule nyuma, kwa akina mama? Hata mimi nilinyoosha, mwanangu. Nilidhani akinyimwa mpira, atakaa nyumbani."

Wenzangu, mama kama huyo unamjibu nini?