Nilidhani Bangkok Ndiyo Unguja

Ijumaa iliyopita tulikula kwa mama, mtaa wa Mawaleh hapa Muscat, na baada ya chakula mume wangu akatoa habari: skuli zikifungwa tutawapeleka watoto Bangkok. Watoto wakaruka. Nikamgeukia mama nikamwambia twende sote, si wewe ulipapenda kule? Mama akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake.

"Mimi? Mimi nnakumbuka dari la hospitali tu."

Basi, mwenzangu, tangu siku hiyo nimechanganyikiwa, maana Bangkok niijuayo mimi haina hospitali hata moja.

Nilikuwa na miaka sita. Tulisafiri wanne: baba, mama, mimi, na bibi mzaa mama. Mama alikuwa na uvimbe tumboni, ikabidi apasuliwe, lakini hayo nimeyajua ukubwani. Mimi niliambiwa anakwenda kutazamwa macho. Baba alishinda naye hospitali. Jioni hupokezana, bibi akenda kwa mama, baba akaja kulala na mimi. Mchana wote nilikuwa wa bibi.

Tulipanga chumba chenye jiko dogo, na bibi alikuja na bizari zake na tende zake kwenye sanduku. Asubuhi ya mwanzo tukatoka kutafuta nazi. Kwenye soko la nyuma ya hoteli akasimama ghafla mbele ya muuza matunda. Pale palikuwa na fungu la shokishoki, nyekundu, zenye nywele, na pembeni doriani likinukia mtaa mzima. Mimi Muscat sikuwahi kuviona. Bibi akaokota shokishoki moja, akaibana kwa vidole viwili, ikapasuka, akanitia mdomoni ile nyama yake nyeupe. Akacheka kicheko nisichokijua, cha kitoto, kajiziba mdomo na ncha ya mtandio.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Tumefika kwetu."

Nikaamini. Bibi akisema kwetu hakuwa akikusudia Muscat, wala Qurayyat alikozaliwa babu. Kwetu ilikuwa Unguja, penye shokishoki na doriani, alikotoka akiwa mwanamwali na ambako hakupasimulia. Nikajua basi, kumbe ndiyo hapa.

Unguja yangu ikawa nzuri ajabu. Ina nyumba ya samaki, unapita chini ya kioo na papa anaogelea juu ya kichwa chako, na bibi anasoma Ayatul Kursiy mpaka mtokee upande wa pili. Ina tembo anayepokea ndizi mkononi. Bibi alipiga ukelele, kisha akanisukuma: "Mpe nyengine!" Ina vigari vya matairi matatu vinavyokwenda kama vina wazimu, na ina mahekalu yenye mapaa yanayometa hadi macho yanauma.

Hekalu moja lilikuwa na sanamu la mtu wa dhahabu kalala ubavu, mrefu kupita msikiti wa mtaani kwetu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alishatufundisha habari za masanamu, nikaogopa. Bibi akavua viatu. "Nyumba ya watu haiingiwi na viatu," akasema.

"Bibi, huyu nani?"

"Mwenyewe huyo, kalala. Usimwamshe."

Tukatoka uani. Bibi akakaa kwenye ngazi penye kivuli, akatoa tasbihi, na uso wake ukabadilika. Midomo ikawa inatikisika, jasho linamtoka. Nikamuuliza kama anamwomba yule wa dhahabu.

"Nnamuomba Mola wangu. Nenda kacheze na paka."

Sikwenda. Mtawa mmoja wa kike, mzee, kanyoa kichwa, kavaa nyeupe, akaja na kikombe cha maji, akampa, akakaa karibu yake. Hawakuwa na lugha. Wakakaa hivyo mpaka simu ya bibi ikalia. Alikuwa baba. Bibi akasikiliza, akasema "Alhamdulillahi", kisha akalia kwa sauti mbele za watu, na yule mtawa akamshika mkono.

"Macho ya mama yamepona?" nikauliza.

"Yamepona. Sasa anaona mpaka Makka."

Niliporudi skuli nikawahadithia wenzangu Unguja ilivyo. Mwalimu wetu, naye kazaliwa huko, akanambia Unguja haina mtu wa dhahabu. Nikamwona muongo.

Yote haya nilimsimulia mama Ijumaa ile, watoto wamekwenda nje. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kila jioni akija hospitali," akasema, "namuuliza leo mmefanya nini. Ananambia joto, mmeshinda mmelala."

Kwa nini alimficha? Pengine aliona haya kutembea na kucheka hali mtoto wake kalazwa, tumbo limepasuliwa. Pengine alitaka kicheko kile kiwe chake peke yake. Sijui hata kama alicheka kwa furaha au kwa khofu. Bibi tumeshamzika, na mtu mwengine wa kumuuliza hayupo.

Mama akaendelea. "Mimi utoto wangu wote nikimuuliza habari za Unguja. Akinambia, hayo yamepita, mwanangu. Hata mti mmoja hakunitajia. Wewe kakupeleka, ijapokuwa ni Bangkok. Mimi mwanawe wa kumzaa, hakunifikisha."

Sikujua nimpe pole au nimwombe radhi. Nikamtilia kahawa, akaishika tu, asiinywe.