Karatasi Waliyoikataa Wanawake wa Busi

Fomu ile niliiandaa mwenyewe nyumbani kwangu mtaa wa Kikuyu, Jumapili mchana, nguo zikikauka uani. Shirika dogo la ustawi wa jamii ninalofanyia kazi hapa Dodoma lilikuwa limenituma nikafanye tathmini ya siku ya kusoma katika kijiji kimoja upande wa Busi, Kondoa. Siku hiyo iliandaliwa na darasa la kisomo cha watu wazima, karibu wote wanawake. Bosi wangu hakunificha kitu. Tulikuwa na madarasa mawili na uwezo wa kuendesha moja tu, kwa hiyo nitakachokiandika ndicho kitakachoamua kama la Busi liendelee au lifungwe.

Mzigo kama huo ulistahili kichwa kilichotulia. Mimi nilifungua fomu ya mahudhurio ya miaka ya nyuma, nikabadilisha jina la kijiji na tarehe, nikachapisha. Kule juu hata sikutazama. Nilijiona mjanja kwelikweli, kazi ya saa nzima nimeimaliza kwa dakika tano.

Tulikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Ulikuwa msimu wa kupiga alizeti, na wanawake walifika na maganda bado yamenasa kwenye khanga zao. Mwalimu wao, mama mstaafu wa shule ya msingi anayefundisha kwa kujitolea, aliwaita mmoja mmoja mbele. Mmoja alisoma maelezo ya dawa ya mtoto kutoka kwenye boksi lake. Mwingine alisoma ujumbe wa simu kutoka kwa binti yake aliyeolewa Mpwapwa, akafika mahali akacheka peke yake na kukataa kuendelea, sisi wengine tukabaki na hamu. Nilifurahi, nasema ukweli. Nikaitoa fomu yangu ianze kupita kwenye mabenchi, pamoja na kidau cha wino kwa yeyote asiyeweza kuandika.

Ilipita taratibu. Kila mwanamke aliipokea kwa mikono miwili, akaiangalia, akampa jirani yake. Iliporudi kwangu ilikuwa na alama nne za dole gumba, zote za benchi la mbele. Hakukuwa na jina hata moja lililoandikwa.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku hiyo zilinipanda mpaka masikioni. Nikaamini nimechezewa. Kumbe wamekaririshwa, nikajiambia, hata yule wa ujumbe wa simu. Nilimvuta mwalimu pembeni nikamwambia kwamba sitaandika uongo ili kumfurahisha mtu, na kwamba darasa lake amelifunga mwenyewe. Namkumbuka alivyonitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. Hakujitetea. Aliniambia tu niwaulize wenyewe.

Nikawauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri. Wakasukumana viwiko. Mwishowe akasimama mama mmoja muuza maandazi, wa rika la mama yangu mdogo.

"Mwanangu, tusamehe, wewe ni mgeni na hatukutaka kukuaibisha mbele za watu," alisema. "Karatasi yako imeandikwa juu: Orodha ya Watu Wazima Wasiojua Kusoma na Kuandika. Tumeisoma. Jina langu mimi haliingii humo."

Nikaigeuza karatasi. Ndivyo ilivyoandikwa, kwa herufi kubwa, na chini yake jina la ofisi yetu. Kijiji kizima kilikuwa kimeisoma isipokuwa mimi niliyeileta. Heshima yao kwa mgeni iliwafanya waipokee kwa mikono miwili na kunyamaza, na mimi nikaihesabu heshima hiyo kuwa ujinga. Niliona aibu, halafu, sijui kwa nini, nikaanza kucheka. Nao wakacheka, wa kwanza akiwa mwalimu.

Chuoni tulifundishwa kwamba ukitathmini kazi ya jamii usiishie kumpima mtu mmoja mmoja. Tazama kimebadilika nini katika mpangilio wa maisha yao: nani anapata habari, nani anaulizwa, nani anaweza kukataa. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani na kufaulu vizuri. Sasa lilikuwa mbele yangu limevaa khanga.

Nikaanza kazi upya. Niliomba wanionyeshe kijiji, wakaanza na ukuta wa ofisi. Zamani, walinieleza, matangazo yalikaa ndani mezani, na wao walisubiri kusikia kutoka kwa waume zao. Darasa lilipofika mwaka wa pili walimwendea mtendaji wa kijiji kwa pamoja, wakaomba ubao utundikwe nje, tena chini kidogo, usawa wa macho yao. Mtendaji mwenyewe aliniambia, akijikuna shingo, kwamba siku hizi akikosea siku ya mkutano anasahihishwa kabla gundi haijakauka. Kwenye kamati ya maji katibu alikuwa mmoja wao, na kumbukumbu za vikao husomwa kwa sauti kabla ya mtu yeyote kusaini. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino, nikaazima ya mama wa maandazi.

Kabla ya kuondoka nilitoa karatasi tupu nikawaomba waandike orodha yao, na kichwa chake watunge wenyewe. Walibishana kwa muda mrefu. Hatimaye wakakubaliana: Sisi Tunaosoma. Majina yakashuka moja baada ya jingine, mengine makubwa yakiruka mistari, mengine madogo ya woga, na yote niliweza kuyasoma.

Wale wanne wa benchi la mbele walikuwa wageni darasani, hawakuwa wamemaliza hata herufi. Mkubwa wao, bibi aliyejifunga khanga kifuani, alitaka kujua fomu ya kwanza ilisema nini hasa. Nilimwambia huku nikiinama, nikaahidi kuichana hapo hapo. Akanishika mkono.

"Usichane. Orodha ya hawa wenzangu ipeleke, na mimi uniache kwenye hii. Wakubwa zako wakiona wenzangu wameshajua, watasema mwalimu amemaliza kazi. Nataka waone dole langu, wajue bado."

Nilizipeleka Dodoma zote mbili. Kwenye kikao bosi aliuliza idadi. Nikaweka karatasi mbili mezani nikaeleza ujinga wangu bila kuupunguza, kisha nikasoma maneno ya bibi kama alivyoyasema. Bosi aliiangalia ile alama ya wino kwa muda. Halafu akachukua kalamu akaandika pembeni kwamba darasa la Busi liendelee.

Nilimpigia mwalimu nikiwa bado koridoni. Aliweka simu sauti kubwa, vigelegele vikanijaa sikioni, nami machozi yakanitoka mbele ya wafanyakazi wenzangu bila kujali. Kisha ikasikika sauti ya bibi, akiuliza kama dole lake lilionekana. Nikamwambia limeonekana, na ndilo lililomaliza maneno.

"Haya," akasema, "basi litunzeni vizuri, maana hamtalipata tena. Mwakani naandika."