Mbawa Alizozifua Bibi

Juzi nilipeleka kitenge kwa fundi mmoja wa cherehani, nikamwambia akiloweke kwanza, kilale kwenye maji mpaka asubuhi, ndipo akikate. Kijana wa watu alinitazama kwa huruma. "Mama, siku hizi hatuloweki," akasema. "Tunakata vile kimekuja." Nikacheka mpaka akadhani namcheka yeye. Rafiki yangu, laiti angejua! Kitambaa kuloweshwa na kupigwa pasi kuliwahi kuizuia ndege nzima isipae hapa hapa Bujumbura, na aliyefanya hivyo alikuwa bibi yangu mzaa mama.

Wakati huo tulikaa Kanyosha, na Kanyosha ya utoto wangu ilikuwa bado nusu mji nusu shamba. Asubuhi ulisikia majembe kwenye muhogo, halafu ufagio wa mama uani, halafu cherehani ya Bibi, ambayo ikianza haikunyamaza mpaka adhana ya adhuhuri. Kiangazi kikikolea, mtaa mzima ulinuka ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa. Bibi alikuwa mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na hata baada ya kuhamia kwetu wateja walimfuata kutoka huko na magauni ya harusi. Kila kitambaa kilichoingia mlangoni kwake kilifuliwa, kikaanikwa, kikapigwa pasi ya makaa ya moto mkali, ndipo mkasi ukiguse. "Kitambaa kipya ni mugeni," alikuwa akisema. "Huyajui maringo yake mpaka amelala kwako." Alitaka kinywee, kipungue chote mikononi mwake, kisije kikanywea mwilini mwa bi harusi wa watu.

Jirani yetu alikuwa rubani mstaafu. Mtu mrefu, mpole, Mkristo wa kwenda misa ya kwanza kila Jumapili, na miaka yake yote alikuwa ameendesha ndege za wengine. Basi siku moja lori likaja kutoka bandarini na masanduku ya mbao. Sisi watoto tukajua ni friji. Wengine wakasema ni jeneza la mzungu. Kumbe ilikuwa ndege! Ndege ya kuunga mwenyewe, imekuja vipandevipande kama kabati, imepita ziwani kutoka Kigoma, ambako mzee mmoja wa kigeni alikuwa ameinunua, akaanza kuiunga, akachoka. Nilikaa siku nzima nikiwaza: ndege inaingiaje ndani ya sanduku? Na ikishatoka, nani anajua kipande gani kinaenda wapi?

Nilikuwa msichana wa maswali. Mama aliniambia nikiendelea hivyo nitaota ndevu. Lakini rubani hakuchoka nami. Aliniruhusu nikae juu ya sanduku tupu nishike bolti, na kila nilichouliza alijibu kana kwamba nimeuliza jambo la maana. Mbona kila bolti unalifunga na waya mwembamba? Ili mtetemeko usilifungue tukiwa juu. Mbona mbawa ni mifupa mitupu, zinapaaje? Subiri, zitavaa nguo. Mbona umeifungua tena sehemu uliyoifunga jana? Kwa sababu jana nilikuwa nimechoka, na ndege haijali kwamba ulichoka.

Nikauliza pia kwa nini ana haraka vile, na hapo akanituma nimletee koleo. Jibu nilipewa na mke wake, tukichambua maharage jikoni kwake, chungu cha mawese kikinukia. Rubani alikuwa na presha ya macho. Daktari wa hospitali ya Kamenge alikuwa amemweleza kwamba macho yanafungwa polepole kutoka pembeni, kama mtu anayevuta mapazia mawili, na hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma. Kibali chake cha kurusha ndege kilikuwa kinaisha mvua zikianza, na mtihani mwingine wa macho asingeupita. "Anataka mara moja tu," yule mama akasema. "Mara moja, ndege yake mwenyewe, mikono yake mwenyewe. Basi. Baadaye hata akilala gizani hatalalamika." Tangu siku hiyo nilianza kuangalia mawingu kwa hofu.

Kiangazi kikaenda hivyo. Injini ikafungwa, magurudumu yakafungwa, na elisi, lile panga la mbele, likapigwa vanishi mpaka likang'aa. Watu waliokuwa wanapita na ndoo za maji wakawa wanasimama kwenye ua wa rubani kubishana. Fundi baiskeli aliapa haitapaa. Muuza mkaa akasema ikipaa yeye atakula kofia yake, na hakuwa hata na kofia. Mbawa zikabaki mifupa, zinangoja nguo.

Nguo yenyewe ilikuwa kitambaa cheupe, chepesi, kama bitana ya koti. Rubani alikileta kwa Bibi kikiwa kimekunjwa, akamweleza: kishonwe kama foronya ya mto, kirefu kama ubawa, mimi nitakivisha na kukigundisha. Bibi alikipapasa, akakivuta, akakinusa. Alifurahi jamani! Alikuwa amevisha maharusi na maiti, lakini hajawahi kuvisha ndege. Rubani alipoondoka, alifanya alichofanya maisha yake yote, na kwa kuwa kazi ilikuwa ya jirani akazidisha. Alikifua kwa maji ya moto na sabuni nzuri. Alikianika. Halafu akakipiga pasi ya makaa, moto ule wa kutema mate pasi ikalia, mara mbili mbili, mpaka akaridhika kwamba kimenywea chote. Alipomaliza kushona alikitia udi.

Sasa sikiliza. Kitambaa kile kilitengenezwa kwa kazi moja. Unakivisha ubawa kikiwa kimelegealegea, halafu unapitisha pasi juu yake, nacho kwa joto hilo kinanywea hapo hapo, kinajikaza juu ya mifupa mpaka unaweza kukipiga kama ngoma. Kunywea kwake ndiyo nguvu yake. Na kinanywea mara moja tu.

Nilikuwepo. Rubani alivisha ubawa wa kwanza, akagundisha kingo, akawasha pasi yake ya umeme, akapitisha. Hakuna kitu. Akaongeza moto. Hakuna. Kitambaa kikabaki kimelegea kama shuka juu ya kitanda. Akainama, akakinusa, na nadhani udi ndio uliomweleza. Akaniuliza taratibu, "Bibi alikifua?" Nikasema, "Ndiyo, na pasi pia, vizuri sana!" kwa majivuno, kwa sababu nilidhani anataka kumsifu.

Akazima pasi. Akakaa juu ya sanduku langu. Mke wake akatoka jikoni, akaangalia ubawa, akamwangalia mumewe, akaanza kulia bila sauti. Kitambaa kile hakikuuzwa soko lolote la kwetu. Kiliagizwa Nairobi, na kingine kutoka Nairobi kingefika mvua zikiwa zimeshashika. Hata mimi mtoto nilielewa. Lakini kitu cha kwanza rubani alichosema, nakumbuka mpaka leo, kilikuwa hiki: "Bibi asijue."

Akaja kwetu jioni hiyo, akanywa chai, akamwambia Bibi kwamba kiwanda kilituma kitambaa kibovu, kimeoza uzi, ataagiza kingine. "Apana kusumbuka, Bibi. Kushona umeshona vizuri. Ni wazungu ndio wametuibia." Bibi akawalaani wazungu wa watu kwa bidii. Na mtaa mzima, rafiki yangu, mtaa ule ambao ukichoma ugali wa kwanza kujua ni jirani wa tatu, ulinyamaza. Fundi baiskeli alinyamaza. Muuza mkaa, mwenye mdomo kama redio, alinyamaza. Mama alinibana sikio kabla hata sijafikiria kusema.

Mvua zikaja. Rubani akaenda mtihani wake wa macho, akarudi, akaingia ndani, na siku kadhaa hatukumwona uani. Kitambaa kipya kilipofika alikileta kwa Bibi, akasema huku anaangalia pembeni, "Hiki apana kufua, Bibi. Kiwanda kimesema hiki ni aina nyingine. Ushone tu." Bibi alikipapasa, akakivuta, kama kile cha kwanza. Kisha akasema, "Sawa, mutoto wangu," akakishona vile kilivyo. Pasi ya makaa ilibaki chini ya meza. Safari hii ubawa ulikaza mpaka ukawa unalia ukiugusa kwa kidole.

Siku ya kuruka tulienda wote pembeni mwa uwanja wa ndege, Bibi na kanga zake mbili mpya, wakaguzi wakiwa wameshapita na kuridhika. Kwenye kiti cha mbele akakaa rubani kijana, mwanafunzi wake wa zamani. Bibi akauliza, "Na wewe je? Si ndege yako?" Sote tukaangalia chini. Rubani akacheka, akasema, "Bibi, mukubwa haendeshi, anaendeshwa! Umeshaona shefu akishika usukani?" Watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe.

Halafu akanyanyua mguu kupanda kiti cha nyuma, na hakukiona kidaraja cha kukanyagia. Kilikuwa pembeni, pale ambapo macho yake yalikuwa yameshafungwa. Mguu ukatafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Mke wake akageuza uso. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, maana Bibi hakuwa ameambiwa habari za macho, na kumsaidia kungekuwa kumwambia kila kitu.

Bibi ndiye aliyekwenda. Aliinama, mgongo wake ule wa cherehani, akashika kiatu cha rubani kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kidaraja. "Hapa," akasema. Neno moja tu. Rubani akaweka mkono kidogo juu ya kichwa cha Bibi, kama mtu anayejishikilia asianguke, kisha akapanda.

Wakapaa. Mlio wa ile injini ulikuwa mwembamba, wa kuchekesha, lakini ulikwenda, ukapita juu ya ziwa kuelekea milima ya Kongo, ukageuka. Muuza mkaa alikuwa anapiga kelele kwa Kirundi, akiapa kwa aliyempa ng'ombe, "Yampaye inka! Yampaye inka!" Waliporudi chini, rubani alishuka mwenyewe polepole, akamtafuta Bibi kwa sauti. "Bibi, uko wapi? Kitambaa kimekaza. Hakikupepea hata kidogo." Bibi akajibu, "Alhamdulillahi." Halafu akaenda nyuma ya gari, akaweka upindo wa kanga mdomoni, akalia mpaka mama akanikataza kumfuata.

Hakuwahi kulitaja jambo lile. Nao hawakulitaja. Mama ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye, kwamba siku moja Bibi alimwambia, "Munanificha kitu, na mimi nawaficha kwamba najua. Tuendelee hivyo hivyo." Na waliendelea. Rubani alizunguka ile ndege kila Jumapili baada ya misa, akipapasa mbawa kwa vidole kutafuta palipolegea, na Bibi akapeleka chapati.

Ndege iliuzwa ng'ambo ya ziwa. Rubani na Bibi walitangulia, mwaka mmoja baada ya mwingine. Pale uani kuna nyumba za kupanga, na muhogo umeondoka, na sijui harufu ya ndagala imehamia wapi. Hayo yote naweza kuyasamehe, miji hukua. Ninachokosa ni kingine. Siku hizi ukikosea, kabla hujajua wewe mwenyewe umekosea, simu inalia: umeambiwa ukweli wote, na picha juu. Nami nimekosea kama watu wote, na kila mara nimeambiwa wazi, usoni, na watu wanaonipenda. Natamani mara moja tu, kabla sijafa, mtaa mzima unidanganye vile.