Sauti ya Mzee Wangu Kwenye Tele

Mi sikusoma, lakini sauti ya mutu ikiingia mu masikio yangu, inatoka na mu kinywa. Hapa mu kambi ya bakimbizi ya Dzaleka nimeiga bote: pasta anayelia kabla bantu baanze kulia, jirani anayekohoa mara tatu kabla aombe chumvi. Kwetu, siku ya kutosha kilio, ya kumaliza matanga, mi njo bananiitaka. Nasimama, nasema na sauti ya marehemu, bantu banacheka, banalia, halafu banarudi kwabo.

Mutoto wangu mwanamke aliiba ile kazi kwangu, mwizi yule! Alianza kuchekesha bantu mu kabaa kamoja ka pombe ka Kawale, kule Lilongwe, na sauti ya baba yake. Bwana yangu alikuwaka anasema polepole, chini-chini, kama mutu anaogopa kuamusha mutoto. Lakini polepole haichekeshe. Basi akamupatia sauti ingine, ya kulialia puani, ya muzee mukimbizi anasukumwa mu foleni ya bunga ya ugali, anasema asante na luga ya hapa: "Zikomo, madamu! Hata kama haujanipa, zikomo!"

Lilongwe yote ikacheka. Televisheni ikamuchukua. Akapata gari, akapata nyumba ya geti. Huku kambini, batoto ba njia bakaanza kusalimia bwana yangu vile: "Zikomo, madamu!"

Siku moja jirani akatuonyesha mutoto ku telefone, anachekesha. Muzee akaangalia mupaka mwisho.

"Mama batoto, mi nasemaka vile?"

"We unasemaka mbaya kuliko vile," nikamutania.

Hakucheka. "Basi, umuache. Anakula na ile."

Mutoto alikuwaka anatuletea bunga, mablanketi, mabati ya kanisa. Bamama banabariki tumbo langu. Siku zile muzee anabakia mu nyumba. Toka pale alisema kidogo, kidogo, mwisho anaitika na kichwa tu. Kifua kikamubeba, akakufa.

Siku ya kutosha kilio chake, mutoto akakuja na magunia ya bunga, na mutu wa kamera. Nikasimama. Nilitaka bantu bamusikie yeye mwenyewe, mara moja tu. Nikafunga macho, nikamutafuta: vile alikuwaka ananiita asubui, vile aliombaka maji. Nikafungua kinywa.

"Zikomo, madamu!"

Bantu bakaanguka na kicheko. Nikajaribu tena. Ikatoka tu ile. Bakapiga makofi.

Mutoto njo hakucheka. Akafunika kamera na mukono, akanifuata nyuma ya nyumba.

"Mama, ya kweli ilikuwa aje?"

"Ilikuwa polepole."

"Najua ilikuwa polepole. Unisikilizishe."

"We njo ulisoma, sema we."

"Mama, tafazali."

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu. Akasogea karibu, sikio lake hapa ku midomo yangu, rangi zote za tele alijipaka ku uso zinamuchuruzika toka mu macho. Tukabaki vile, tunangojea. Kule mbele balikuwa banaanza kuita majina ya bantu ba kupokea bunga.