Mishipa ya Mama

Jumatano, 9 Julai. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru haujaonekana, baridi ya kuuma vidole.

Leo nimempeleka mama hospitali, mikono yake inatetemeka. Mwezi wa tatu zahanati walituambia ni mishipa, aende hospitali kubwa. Mimi kwa mishipa nilielewa hii inayotuna mkononi na ile inayokaza mguuni. Nikampeleka Ngaramtoni, kwa mama mmoja anayekanda kwa mafuta ya kondoo. Miezi minne. Nisimsingizie yule mama: nilimwambia mishipa, akakanda mishipa, wala hakuahidi kuponya. Kosa ni langu.

Daktari, binti mdogo tu, alimwamkia mama shikamoo kabla ya kumgusa. Akasema ni mishipa ya fahamu, inayobeba habari za mwili. Habari ikifika mwisho wa mshipa mmoja, kemikali fulani huivusha kwenda wa pili. Hizo kemikali ni kama wajumbe.

"Wajumbe?" mama akadakia. "Basi wangu ni kama yule wa mtaa wetu, ukimtafuta hayupo."

Daktari akacheka. "Ndivyo, bibi. Wako wamepungua."

Akawagawa. Wapo wa kuamsha, kama glutameti. Wapo wa kutuliza, kama GABA. Dopamini, iliyompungukia mama, haikai kundi moja: huamsha au hutuliza, kutegemea mlango unaoipokea. Akasema pia wataalamu wengine huwapanga kwa walivyoundwa, si kwa kazi yao. Hapo nikaachwa, mimi na darasa la saba langu, na siandiki nisichokielewa.

Nikauliza nililokuwa naliogopa: je, tungekuja mwezi ule wa tatu, tungeuwahi ugonjwa?

"Ugonjwa ungeendelea tu," alisema. "Ila dawa ingempa nafuu hiyo miezi minne."

Nimeandika yote mawili, maana nimejikuta nataka kukumbuka la kwanza peke yake.

Tulipotoka getini mama akaniambia, "Acha kununa wewe. Yale mafuta yalinipa joto." Sijui kama ni kweli au alinihurumia.

Jioni tumekula loshoro, mahindi na maziwa mgando. Kidonge cha kwanza ameshameza, mikono bado. Nimemlisha mwenyewe, na kila kijiko anasema asante, kama mgeni.