Kilichotutenganisha ni chai

Jamaa, leo mtaa wa Mbotela umekosa mkate, na ni kazi ya mkono wangu.

Mnajua niko upande wa kompyuta pale kiwanda cha mikate.
Programu yangu huchukua oda za maduka ya Mbotela, huziweka kwenye jedwali la muda, kisha huzipeleka kwa madereva.
Programu ya Omondi, tunayefanya naye kazi chumba kimoja, hufanya vivyo hivyo kwa mtaa wa Kariokor.

Majedwali yote mawili yanaitwa TEMP, kwa hiyo kwa kompyuta ni jedwali moja. Tuliliandika jina hilo ndani ya programu, tukasahau. Na kila programu huanza kwa kufuta TEMP.

Haikuwahi kuleta shida. Mimi huanza kabla ya chai ya saa nne, Omondi baada ya chai.

Leo gesi iliisha jikoni. Hakukuwa na chai.
Tukaanza pamoja.

Yake ikafuta oda zangu. Yangu ikabeba ilichokuta: oda za Kariokor.
Malori yote yakaenda Kariokor.

Bosi akauliza, "Kwani siku zote nini kilikuwa kinawatenganisha?"
"Chai," Omondi akasema.
Hakuna aliyecheka.

Sasa kila programu inalitungia jedwali lake jina jipya ikianza. Kazi ndogo tu.

Halafu mama yangu akanipigia kutoka kibanda cha simu. Ana kiduka Mbotela.
"Wateja wananitusi. Huko kwenu kuna mtu hajui kazi. Unamjua?"
"Namjua, mama."
"Basi mwambie."
Sarafu zake zikaisha, simu ikakatika.

Nyinyi mngemjibu nini?

Gesi imeletwa. Chai yangu iko hapa mezani, imepoa.