Mkaza Mjomba Aomba Kura

Mkaza mjomba wangu alikuwa mjukuu wa sultani. Ulilijua hilo kabla hujamaliza kuvua viatu mlangoni pake, kwa sababu alikupa mkono uliolegea, kiganja chini, na akangoja. Ukiubusu, umekaribishwa. Ukiushika kama watu wanavyoshikana mikono, alikuuliza mama yako alikuwa na shughuli gani mpaka akasahau kukulea.

Usultani wenyewe ulikuwa mji mmoja mdogo wa pwani ya Kenya, kaskazini, ambao siutaji kwa sababu wenyewe wangali hai na wana simu. Ulikuwa na ngome iliyobomoka upande, msikiti wa Ijumaa, minazi mingi, na sultani aliyetawala mpaka Mwingereza alipomwambia basi. Akapewa posho na ruhusa ya kupandisha bendera yake siku za Idi. Mwingereza alipoondoka, posho ikaondoka naye, na bendera ikashonwa foronya. Mjukuu akaolewa na mjomba wangu, akaletwa Jeddah, akakaa mtaa wa Safa katika flati iliyo juu ya duka la kukodisha nguo za harusi.

Sisi wa upande wa mjomba tulikuwa watu wa Unguja. Wazee wetu walikuja Arabuni baada ya mwaka sitini na nne, na tangu hapo neno sultani halikutajwa watu wakila. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya masultani, na kila mara liliishia mtu kuinuka na sahani yake. Mjomba alisema yeye alioa mwanamke mzuri tu. Kwamba nasaba ingekuja na mizigo yake, hakuna aliyemwambia.

Miaka ninayoisimulia ni ile bei ya mafuta ilipopaa, na Jeddah nzima ikawa winchi na vumbi la saruji. Matajiri walioza watoto wao kila wiki, na mkaza mjomba aliwatengenezea vileja, visheti na kaimati. Madereva wa mamadam walipanga magari chini ya flati kungoja masinia. Lakini hakuuza, hasha. "Nawapelekea watu," alisema, kama kwamba madam wa nyumba ya marumaru alikuwa jirani aliyefiwa.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya chekechea na kukaa na mama yangu mtaa wa Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Ijumaa tulikula kwa mjomba. Ijumaa moja, katikati ya wali na samaki wa kupaka, mkaza mjomba akasema, "Naingia bungeni."

Mjomba alikuwa anatoa mwiba mdomoni. "Ukipita jikoni nichukulie ndimu," akasema.

"Sifanyi mzaha. Nagombea ubunge, uchaguzi huu unaokuja nyumbani."

Mama yangu akaweka tonge chini. Mjomba akautazama ule mwiba kwa muda, kana kwamba ndio uliosema.

Ikawa hivi: watu wa chama kimoja walikuwa wakimpigia simu kwa miezi. Mbunge wa kule alikuwa haonekani tangu aapishwe, na chama kilitaka mtu ambaye jina la ukoo wake halihitaji kuelezwa. Walidhani ukoo ule una watu hodari wamejificha Arabuni. Walimpata mkaza mjomba, mikono imejaa unga, na akawakubalia.

"Umewahi kupiga kura?" mjomba akamuuliza.

"Kupiga kwenyewe sijawahi."

"Basi unaanzia juu."

Kulikuwa na kizuizi kimoja, kaka yake. Kwa hesabu za nasaba, yeye ndiye aliyekuwa sultani, lau angetokea mtu wa kumhitaji. Alikaa Riyadh, mtaa wa Naseem, na kazi yake ilikuwa kutunza ghala la mabomba ya maji. Miaka ile Riyadh ilikuwa inameza mabomba kama tambi, kwa hiyo alikuwa na shughuli nyingi. Hata hivyo hakuna aliyeoa wala kuuza nyumba katika ukoo wao bila kwanza kupata idhini yake. Mkaza mjomba alikataa kuiomba kwa simu. Ilibidi twende.

Tulikwenda kwa gari la mjomba, yeye usukani, sisi wanawake nyuma na chupa ya chai na mkate wa kumimina. Jangwani huko hakuna cha kutazama, na mkaza mjomba alitumia njia nzima kujifunza kusema "ndugu wananchi" kwa sauti ya wima. Tulipofika Riyadh mjomba alikuwa anaitikia "naam, mheshimiwa" bila kutambua.

Sultani alitupokea kwenye chumba cha mbele, amevaa kanzu safi na kofia ya vito, ameketi kwenye sofa lililokuwa bado na nailoni ya dukani. Tukabusu mkono. Mjomba naye akabusu, huku akinikonyeza. Kahawa ikaletwa. Mkaza mjomba akasema aliyokuja kusema, kwa adabu na kwa ufupi, macho chini.

Kaka mtu akaweka kikombe cha kahawa chini. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mtu wa nyumba yetu haombi kura. Mtu wa nyumba yetu huombwa. Utapanda juu ya meza sokoni, uwaambie wauza pweza kwamba una shida nao?"

"Nitawaambia kwamba wao wana shida, kaka. Na hospitali haina dawa."

"Hospitali si kazi yetu. Sisi ni watu wa kuamrisha, hatu—"

Simu yake ikalia. Alipoona anayepiga akainuka, akasimama wima karibu na pazia. Sauti ya kijana ilisikika mpaka tulipokaa, kwa Kiarabu cha haraka, ikiuliza lori la mabomba liko wapi na kwa nini yeye hayuko ghalani. "Hadhir, bosi," sultani akasema. "Hadhir. Hadhir. Leo asubuhi limetoka. Samahani, bosi." Alikuwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuishi nchini, na sauti ilikuwa ya mtu wa umri wa mwanawe wa mwisho.

Akarudi, akakaa, nailoni ikalia chini yake. "Kama nilivyosema," akaendelea, "mtu wa nyumba yetu haamrishwi."

Mjomba akapata kikohozi cha ghafula, akatoka nje kwenda kuangalia gari.

Sidhani sultani aliona la kuchekesha. Alikuwa na uchungu wa kweli, na alipoona dada yake hainamishi kichwa tena, akaamua kummaliza pale pale. Angepiga simu nyumbani, kwa mzee anayetunza msikiti wa babu yao, amtangazie kuwa mgombea huyu hana baraka za ukoo. Akaweka simu mezani na kufungua spika ili sote tusikie.

"Nani mwenzangu?" sauti ya kizee ikauliza.

"Ni mimi, sultani."

Nyuma yake kuku alikuwa analia. "Sultani wa wapi?"

Akamtajia mji.

"Huku? Huku hakuna sultani, mwanangu. Umepata namba siyo." Kisha, kwa upole, "Unapiga kutoka mbali?"

Akajieleza, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani. Mzee akafurahi sana kumkumbuka, akamuombea dua, akasema walidhani amekufa, na kwamba paa la msikiti linavuja upande wa kibla. Sultani akasema inshallah, akakata simu bila kutaja uchaguzi hata kidogo.

Nilidhani mkaza mjomba angefurahi, maana mie nilikuwa karibu kufurahi. Lakini alimwendea kaka yake, akakaa chini kwenye zulia karibu na miguu yake, jambo ambalo sijawahi kumuona akilifanya kwa mtu yeyote.

"Umesikia, kaka," akasema. "Hawatujui. Niache niende wanijue."

Hakumpa idhini. Hakumkatalia tena pia. Alisema lazima arudi ghalani.

Ili mkaza mjomba asafiri, ilibidi mjomba amwombe kafili wake mwenyewe saini ya viza ya kutoka na kurudi. Kafili huyo alikuwa mtu mnene mpole, mwenye kiwanda cha milango alikofanya kazi mjomba. Akauliza bibi anakwenda kufanya nini. Mjomba, aliyekuwa hajui kudanganya kwa Kiarabu, akasema anakwenda kugombea ubunge. Kafili akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Akaita makarani waje wasikie. Kisha akatia saini, na kwa wiki kadhaa baadaye kila alipomwona mjomba alimuuliza, "Vipi, waziri wetu wa kike?" Naye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza Jeddah nzima kuliamini jambo lile.

Nyumbani mambo yakamgeukia mkaza mjomba mara tu aliposhuka ndege. Chama kilichomwita kilikuwa kimeshampa tikiti muuza barafu, mtu mwenye malori na mashine za barafu pwani nzima, ambaye kila mvuvi alimhitaji asubuhi. Walimwambia mkaza mjomba awe mshauri wa akina mama. Akawajibu kwa maneno aliyokataa kuturudia. Kesho yake akajiunga na chama kidogo ambacho alama yake ilikuwa sufuria. Mjomba aliposikia alisema angalau kwenye karatasi ya kura watu wataona kitu anachokijua.

Tuliifuata kampeni kwa simu. Mpwa wake mmoja kule alikuwa akisimama karibu na jukwaa na kutunyooshea simu, na sisi Safa tuliizunguka yetu kama watu wanaoota moto. Mikutano ya kwanza ilikuwa aibu. Alihutubia kama alivyojifunza njiani, "ndugu wananchi" ya wima, akawaeleza ukoo wake tangu mwanzo wake, na tulisikia watu wakiondoka. Mjomba alishika kichwa.

Halafu siku moja, kwenye mashamba nje ya mji, mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Babu yako alikula nazi zetu."

Tukangoja. Nilimjua, nilijua atamuuliza yule mtu mama yake alikuwa na shughuli gani.

"Alikula," tukamsikia akisema. "Katika kila minazi kumi, mmoja ulikuwa wake, na hakupanda hata mmoja. Mimi nimezikula pia, nilipokuwa mdogo. Zilikuwa tamu." Akaendelea, "Sasa huko ninakoishi nakanda unga kuanzia alfajiri, na watu wanatuma madereva kuchukua. Najua kutumikia. Yeye hakujua. Nimekuja kuwaomba kazi."

Kicheko kilichofuata kilipasua spika ya simu. Mjomba alikuwa ameacha kutafuna. Mama yangu alisema kwa sauti ndogo, "Amesema nakanda unga." Kwa miaka yote ile hatukuwahi kumsikia akikiri kwamba ile ni kazi.

Tangu siku hiyo alirudia habari ya nazi kila alipokwenda, na kila mahali akaongeza kitu, mpaka babu wa watu akawa amekula hata mbuzi wasiokuwepo. Habari zikafika Riyadh. Sultani alimpigia mjomba simu na kufoka kwamba mke wake anamchuuza marehemu sokoni kwa vicheko. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, mimi ni mtu wa milango tu," akaagana naye.

Siku ya matokeo, baada ya sala ya Adhuhuri, simu ya mjomba ililia. Riyadh. Tukadhani anataka kufoka tena. "Shemeji," sultani akauliza, pumzi juu kama mtu aliyepanda ngazi, "tumepata ngapi?"

Tulikuwa wa pili. Muuza barafu alituacha kidogo, na yule mbunge asiyeonekana alikuwa wa mwisho kabisa, inawezekana hata yeye hakujitokeza kujipigia.

Mkaza mjomba alirudi amekonda, sauti imekauka. Kwenye gari kutoka uwanja wa ndege alizungumza vizuri tu, akatueleza habari za barabara na mbu, kisha mara akaanza kulia. Mama akamshika bega, akamwambia wa pili si mbaya kwa mtu aliyekuja na sufuria.

"Mashambani nimeshinda," akasema. "Visiwani nimeshinda, na watu wa kule walikuwa hawajui hata nasaba yetu. Mnajua nimeshindwa wapi? Mtaa wetu. Nyumba zinazotazamana na ngome. Wale ndio walioninyima."

Mjomba alibadilisha gia, akafikiri. "Lakini hao ndio waliomjua babu yako," akasema.

Mkaza mjomba akampiga ngumi ya bega, gari likayumba. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanatiririka kwenye shela, na hakuweza kuacha mpaka tukafika Safa.

Hakugombea tena. Waliomfuata uchaguzi uliofuata aliwaambia amechoka kusimama juani. Sultani ndiye aliyetushangaza. Mkataba wake wa ghala ulipokwisha alipewa viza ya kutoka bila kurudi, akarudi mji wa babu yake, na kabla ya mwaka kwisha akagombea uenyekiti wa kamati ya msikiti. Watu waliinua mikono. Akashindwa na fundi umeme aliyekuwa akitengeneza kipaza sauti cha adhana.

Alitupigia mwenyewe kutueleza. Nilikuwa pale jikoni, nakata vileja. Hakuwa amekasirika, alikuwa anatafuta ushauri. Alitaka dada yake amweleze vizuri, tangu mwanzo, ile habari ya nazi aliisema vipi mpaka wale watu wa mashambani wakacheka. Mkaza mjomba akafuta mikono, akavuta kiti, akaanza kumfundisha.